Jiwe Lako Bado

Kwa mwanangu Nthambi, huko Doha,

Hujambo? Mimi mzima, ila meno yananikimbia.

Jumamosi niliwaongoza wageni wa Diani kwenye ukingo wa vilima vya Shimba. Niliwadanganya kuhusu historia kama kawaida yangu, wakapiga makofi. Tulipofika pale mama yako alipoteleza na kuni akafa, mmoja akauliza, "Mzee, mawe haya ni ya nini?"

Nilitaka kusema jemadari kazikwa hapo. Ulimi ukagoma.

"Ni ya mke wangu. Kila apitaye humwekea jiwe."

Wote wakaweka, hata mwenye kitambi aliyeshindwa kuinama.

Miaka mitatu hujaja, Nthambi. Nimekuchagulia jiwe dogo, maana najua uvivu wako. Njoo uliweke kabla hawajaanza kuniwekea mimi.

Babako mwongo,
Munyoki