Nusu ya Jeraha

Memmingen,
Sikukuu ya Mtakatifu Luka, 1478

Mpendwa mwanangu Otilia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimba inakuchukuaje, mama? Miguu bado inavimba? Baba yako anakusalimu; kifua kinambana lakini anafuma. Kaka yako Veit na mkewe hawajambo. Shangazi yako Kunigunda anakusalimu, mdomo wake ni uleule. Hata yule mbuzi mzee yupo. Mimi naamka tu.

Umeona kuna jina sijalitaja. Mdogo wako Apolonia ametutoka Jumanne, uchungu wa siku mbili, na mtoto tumboni. Salamu hizo zote nimeziandika ili nichelewe kufika hapa.

Unaukumbuka ule utepe wa ngozi wa bibi yako, uliochorwa Jeraha la ubavu wa Bwana kwa urefu wake kamili, urefu ambao ndio kinga ya mzazi? Nilijifunga huo tumboni nikawazaa nyote salama. Ulipoolewa huko Basel mliutaka wote wawili, wewe na Apolonia. Nikasema nisimpendelee mtu. Nikachukua mkasi wa baba yako, nikaukata katikati.

Apolonia alijifunga nusu yake. Mkunga akauliza, "Mbona fupi hivi?" Shangazi yako akanigeukia mbele ya wanawake wote: "Wee Walpurga! Jeraha la Bwana ni mkate, kila mtu unamkatia kipande?" Mdogo wako alikuwa amenishika kidole.

Padre ananiambia nisijitese, Mungu hapimi kwa mkasi. Labda. Lakini padre hajazaa. Kanisani siwezi tena kumtazama Mama Maria wa mbao aliyempakata maiti wa mwanawe. Zamani nilimlilia. Sasa namwonea wivu: wake aliuawa na watu wengine.

Nusu ya mdogo wako namkabidhi mchuuzi wa chumvi, nimeificha ndani ya soksi. Ina doa. Sikuifua, niliogopa rangi itatoka. Zishone nusu zote mbili kwa uzi wa kitani, ukingo kwa ukingo, zisipandane, urefu usipungue hata chembe. Uchungu ukitangulia kabla hii haijafika, usijifunge hiyo uliyo nayo. Itupe mbali, mwanangu, uombe tu.

Msalimie mumeo Lienhard, na mama mkwe wako akushike mgongo siku hiyo kwa niaba yangu. Bwana akufunike wewe na kilicho ndani yako.

Mchuuzi atakaa Basel siku tatu. Usingoje kujifungua. Mpe neno moja tu aniletee upesi: imefika.

Mama yako asiyelala kwa kukuwaza,
Walpurga