Harambee ya Kumfufua Mbithi

Mpendwa Mutua, mwanangu,

Kosa linalofanywa na karibu kila meza ya mchezo wetu wa hadithi ni hili: mhusika akifa, wenzake huona kazi yao ni kumrudisha. Aliyekuwa akimcheza haulizwi. Nimelisema jambo hili mpaka nimechoka, pale barazani kwa kina Ciku, na kila mara Baraka hunijibu, "Anko, wacha kufunza, rusha dadu." Sasa naliandika, tena hadharani, kwa kuwa simu zangu hushiki, na kwa kuwa vijana wengine huku Eastlands ya Nairobi wanacheza mchezo huu na kuumizana vivyo hivyo.

Vumilia nikiwaeleza wao unachokijua. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Mmoja huwa msimulizi. Kwetu ni Ciku, binti wa jirani yangu hapa Njiru. Yeye hubuni nchi na hatari zake, na kila mmoja wetu ana mhusika wake wa kumsemea. Pasipo na hakika, dadu huamua. Basi. Jumapili baada ya kanisa, chai mezani, dadu katikati ya sahani za chapati.

Unakumbuka ulivyomleta Mbithi? Baraka alikuwa amebuni mwimbaji mwenye upanga, mimi nikabuni hakimu mzee, mkanicheka. Wewe ukasema, "Wangu ni mchimba visima. Hana upanga. Ana sururu na mdomo." Na alipofika kwenye kijiji cha kwanza, Mbithi akapaza sauti: "Leteni mitungi! Mimi si mvua, sirudi!"

Wenzako walicheka. Mimi nilirudisha kikombe changu mezani. Huo ulikuwa wito wa baba yako. Ndugu yangu aliendesha lori la maji Njiru nzima, na hakukuwa na mama wa ploti, zile nyumba zetu za kupanga, ambaye hakutoka mbio na mtungi akisikia sauti ile. Hata kule kukohoa kidogo kabla ya kupiga kelele ulikuwa umekuchukua. Nilijua basi ni nani ameketi nasi mezani. Sikusema, maana la kusema lilikuwa lako.

Halafu ile Jumapili ya daraja. Fisi wenye sauti za watu walikuwa nyuma yetu, na daraja la kamba limeanza kukatika. Ciku alikutazama akauliza, "Mbithi anakimbia ama anashika kamba?"

"Anashika."

"Buda, si ukimbie tu!" Baraka akafoka.

"Wewe pita. Kamba ni yangu."

Ukarusha dadu. Ikaonyesha mbili, na kwa mbili hakuna kamba inayoshikika. Sote tulikuwa tumevuka, isipokuwa yeye. Ciku alikuuliza Mbithi anasema nini mwisho. Ukakohoa kidogo. "Pitieni haraka, mimi si mvua, sirudi." Kisha ukajichekea ukasema, "Poa. Amechimbia watu miaka yote, sasa wamchimbie yeye." Ukanyoosha mkono ukala chapati nzima. Mutua, tangu tumzike baba yako sikuwa nimekuona ukila hivyo.

Jumapili iliyofuata ulikuwa kazini. Nilipofika barazani niliwakuta katika harambee. Ndiyo, harambee, ndani ya mchezo! Walikuwa wamebuni mganga wa kufufua wafu mwenye ada ya kutisha, na wahusika wa kijiji kizima walikuwa wakichanga mbuzi, shanga na ngoma. Baraka alikuwa mwendesha shughuli, kijiko mkononi kama kipaza sauti. "Nani anaongeza? Naona mkono pale nyuma! Mheshimiwa hakimu, usijifiche, tunakuona!"

Niliuliza, "Mutua ameulizwa?"

"Anko, itambamba, atafurahi sana," Ciku akasema. "Wewe ngoja uone."

Nikakataa kuchanga. Wakaniita mkono wa birika, wakaendelea bila mimi.

Ukaja wiki iliyofuata. Ciku akasimulia, kwa furaha yote aliyokuwa nayo, jinsi Mbithi alivyofumbua macho. Uliweka dadu chini taratibu.

"Mlimuuliza?"

"Tumuulize aje na amekufa?" Baraka akacheka.

"Mngeniuliza mimi."

Ukaondoka. Jioni ukajitoa kwenye grupu la simu. Sasa nasikia uko Kisumu, tena nasikia kwa mama yako.

Naelewa kilichokuuma. Ulimwona baba yako akilala wodini muda mrefu, harambee ikifuata harambee, kila moja kwa upendo, na hakuna aliyekaa kitandani kwake akamuuliza anataka nini. Mbithi ulimpa kifo alichokichagua mwenyewe, akiwa na mzaha mdomoni. Wakamnyang'anya.

Inaniudhi zaidi nikifikiria kilichopotea. Kijiji kile kingebaki bila mchimba visima, na ukame unakuja. Nani angeshika sururu? Mwimbaji wa Baraka yu hai kwa sababu ya mikono ya Mbithi. Angeimba nini akijua hivyo? Hakimu wangu alikuwa na kesi ya kisima na Mbithi, na kesi hiyo ingebaki wazi, imlaumu mpaka kaburini. Tungemfanyia matanga yanayostahili, chai na nyimbo, kila mhusika asimame aseme alivyomjua. Kazi ya kifo mezani ni kuwabadilisha waliobaki. Ukikifuta, wanabaki walivyokuwa.

Lakini na wewe umeniudhi, mwanangu, na sitakuficha. Ciku angejuaje? Alimsikia baba yako akitajwa kama mwenye lori la maji tu. Walihamia Njiru sauti yake ikiwa imeshanyamaza. Hukumwambia. Ulimwachia binti wa watu lawama ambayo hajui imetoka wapi. Kwa hiyo nilimweleza mwenyewe, na ukasirike ukitaka. Alisikiliza huku akisukuma chapati, akaendelea kusukuma ile ile moja mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Kisha akasema, "Anko, mimi nilidhani namletea zawadi."

Tangu siku hiyo hatujacheza. Baraka amejaribu kuanzisha hadithi nyingine, Ciku amekataa. Anasema Mbithi amesimama pale kwa mganga macho wazi, hana wa kumsemea, na hatamwua mara ya pili bila ruhusa ya mwenyewe. Mama yake anamwambia ni mchezo tu. Hilo nalo ni kosa, ila leo sina nguvu ya kulieleza.

Mimi nazeeka, Mutua. Sauti ya ndugu yangu niliisikia tena barazani kwa sababu yako, na sasa viti viwili, chako na cha Ciku, ni vitupu na watu wawili waliopendana kama ndugu hawasemezani. Kaa salama huko ziwani, ule vizuri. Na leo hii, kabla hujalala, mpigie Ciku simu umwambie Mbithi azikwe wapi.

Baba yako mkubwa,
Njiru