Nchi Isiyo na Hodi

Karonga, Jumapili, mvua bado haijaanza

Damiani,

Hodi.

Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nishuke kutoka Mgeta kwa lori, nimekaa juu ya matenga ya kabichi, na ni wiki ya saba tangu uzikwe. Hesabu ya kwanza nimeizoea. Ya pili bado inanichanganya. Kila Jumapili nikitoka misa nakaa mezani kukujibu, kisha nakumbuka kwamba hakuna barua ya kujibu. Leo nimeamua kuandika hivyo hivyo.

Nimeanza na neno letu ili ujue ni mimi. Tulikubaliana nyuma ya ghala la shule, siku ile ya mwisho: barua isiyoanza na "hodi" isiaminiwe, hata kama mwandiko ni wako, hata kama jina la chini ni lako. Nilicheka. Niliona ni mchezo wa walimu wawili waliosoma riwaya nyingi mno. Wewe hukucheka.

Mimi nipo. Macho yamepungua, mikono bado. Naendelea kushona vitabu vya shule vilivyochanika, na majalada ya vitabu vya sala vya akina mama wa parokia. Huku ng'ambo ya mpaka nako mtu akifika mlangoni husema "odi". Nilikuandikia habari hiyo mwaka wa kwanza, lakini sikukwambia kwamba siku niliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika sindano, na nilishindwa kuitikia. Yule mama alisimama nje akarudia mara tatu. Alidhani mimi ni kiziwi.

Nataka niseme jambo ambalo sikulisema kwenye barua zote zile. Lakini nikilianza ghafla nitakimbia, kwa hiyo niache nizunguke kidogo.

Unakumbuka kitabu chako kilizaliwa wapi. Msibani kwa mama yako. Tulikuwa tumekaa wawili kwenye benchi la shule, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na watu wanaingia na kutoka. Ukaninong'oneza: "Umeona? Msibani hakuna hodi. Mtu anaingia hadi chumbani, anafungua kabati la marehemu, anatafuta kikombe, na hakuna wa kumuuliza. Kwa siku tatu huo ni upendo. Sasa fikiria nchi nzima iwe hivi, miaka yote."

Nikakwambia, "Kula wali wako, Damiani, watu wanakutazama."

Ukaiandika nchi hiyo. Madaftari saba ya mistari, kalamu ya bluu. Nchi ya milimani ambayo wakubwa wake walitangaza kwamba mtu mwema hana cha kuficha, na kwa wiki moja watu wote wakang'oa milango yao na kuiteremsha kwa vichwa kwenye njia za miteremko, hadi kwenye uwanja ilikopangwa kama mbao za kuuza. Baada ya hapo neno "hodi" likawa halina kazi. Waliotumwa na wakubwa uliwaita Wenyeji. Wenye nyumba ukawaita Wageni. Mwenyeji anaingia kwako bila neno, anakaa kwenye kigoda chako karibu na mafiga, kisha anakutazama wewe uliyesimama na kusema: "Karibu. Jisikie upo nyumbani." Na wewe unatakiwa ujibu, "Asante."

Niliposoma sentensi ile niliiwekea alama ya vyema kwa kalamu yangu nyekundu. Hakuna anayepigwa katika sura ile ya pili, hakuna anayetukanwa. Ni adabu tupu. Na yule mama mjane wako, ambaye kila jioni akitoka shambani anasimama mbele ya nyumba yake isiyo na mlango, anasema "hodi", anasubiri kimya kinachotosha mtu kuinuka na kuitikia, ndipo anaingia. Nilikuwa msomaji wako pekee. Nilijivuna kwa hilo kuliko kwa cheti changu cha ualimu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Siku ya gulio nilikwenda Mkuyuni kutafuta machungwa. Kulikuwa na mgahawa pale karibu na njia ya Matombo, nikaagiza chai na chapati, nikaenda kunawa. Niliporudi nikakuta bwana mmoja amekaa kwenye kiti changu, anatabasamu. Alikuwa mtani, mnunuzi wa maharage, tulikuwa tunamwona mara nyingi sokoni. Akasema, "Kaa, Mluguru, kaa. Au nyie mmezoea kukaa juu ya mawe kama pimbi?"

Nikacheka. Mtani akikuchokoza hukasiriki, unajibu. Nikamjibu, "Wewe umekuwa mtu wa Damiani kabisa! Unachukua kiti cha mtu, halafu unamkaribisha."

"Damiani yupi?"

Angeniuliza kwa ukali ningenyamaza. Aliniuliza huku anamega chapati yangu. Nikamweleza. Sikumweleza kidogo, Damiani. Nilimsimulia sura nzima ya pili, na sauti za watu nikaziigiza, kigoda, mafiga, "jisikie upo nyumbani", yote, kwa madaha ya mwalimu wa Kiswahili aliyepata darasa linalosikiliza. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Huyo rafiki yako ana kichwa. Anakaa wapi vile?"

Nikamwambia unakaa wapi vile.

Siku tisa baadaye waliingia kwako watu watatu. Uliniambia kesho yake darasani, watoto wakiwa wametoka kwenda kucheza, na chaki ilikuwa inakatika mkononi mwako. Hawakubisha. Mkubwa wao alikaa kwenye kigoda na kukwambia: "Karibu, Mwalimu. Jisikie upo nyumbani." Ukasema, "Sijakichapisha, lakini tayari nina wasomaji wanne. Wewe na wao." Kisha ukanitazama. Hukuuliza. Nilisubiri uniulize, na hadi leo nasubiri.

Wiki ile ile ukanipa madaftari, umeyafukia ndani ya tenga la njegere, ukasema, "Nenda kashone." Nikavuka nayo mpaka, ukabaki wewe, kwa sababu ya mkeo na mtoto. Na baadaye ikawa ile miaka mitatu uliyokaa mahali ambapo hukuwahi kupataja kwenye barua, na uliporudi ulikuwa si mwalimu tena, ni mlima karoti.

Ni mimi, Damiani. Ni mimi niliyewafungulia.

Nadhani unajua. Nadhani ulijua tangu pale kwenye chaki. Daftari la saba halina mwisho, hadithi imekatika katikati ya sentensi, lakini chini kabisa kuna mistari michache kwa wino mwekundu, na kalamu nyekundu ilikuwa moja tu pale shuleni, yangu, uliyoiazima kwangu wiki ile. Kuna mtu anafika mpakani, mpenda hadithi, na mlinzi anamzuia. Rafiki wa mtu huyo anamwambia mlinzi: "Huyu mwache apite. Alikuwa anasimulia tu, hakujua kwamba anang'oa mlango." Nimeisoma mistari hiyo miaka thelathini na mmoja nikijifanya haikuandikwa kwa ajili yangu.

Sasa nikupe habari za huko, kwa kuwa umeondoka hujaziona.

Aliyenijulisha kifo chako ni Skola. Nakumbuka binti yako akiwa na miaka minne, alikuwa akibisha hodi hata kwenye banda la kuku, na mkeo akimwambia, "Ingia tu mama, kuku hawavai nguo." Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa hivi: "Hodi baba mdogo. Shikamoo. Baba ametutoka leo asubuhi." Hata siku ya kufiwa hakuruka shikamoo.

Wewe simu uliikataa. Uliandika kwamba kitu kinacholia ndani ya nyumba bila kubisha hukitaki. Nilikuona mzee mkaidi.

Wiki ya pili Skola akanieleza mazishi. Kwaya iliimba vizuri, mvua ya milimani ikanyesha kidogo na kuacha. Akaongeza kwamba walikuja wageni watatu waungwana sana, huenda ni wanafunzi wako wa zamani, walichota maji, walibeba mabenchi, na walisaidia hata kupanga vitabu vyako ndani. Nilisoma hapo nikaweka simu mezani. Mtu aliyekuja kubeba mabenchi anapanga vipi vitabu vya marehemu? Lakini msibani hakuna hodi. Ulisema mwenyewe. Na barua zangu zote zilikuwa kwenye sanduku lako la bati.

Wiki ya nne ukaja ujumbe kutoka namba ile ile ya Skola: "Karibu nyumbani baba mdogo. Arobaini ya baba imekaribia. Chumba chako kipo tayari. Njoo na yale madaftari tuyasome pamoja."

Utanisamehe. Niliona, lakini sikutaka kuona. Kwa siku mbili sikutaka kuona. Nilikuwa nasikia harufu ya udongo wa matuta baada ya mvua, na viatu vyangu vikiteleza kwenye ile njia ya kushukia mtoni. Mtu wa miaka sabini na minne akiambiwa chumba chako kipo tayari, hakagui kama hodi imeandikwa. Nilifunga begi. Madaftari nikayaviringisha ndani ya koti. Ndipo nikapiga ile namba ili niseme nitafika siku gani.

Ikapokelewa mara moja. Sauti ya mwanamume, laini, ya mtu aliyeketi vizuri. Hakusema haloo. Alisema, "Mwalimu. Karibu. Jisikie upo nyumbani."

Sauti sikuijua. Sentensi niliijua.

Nilizima simu nikakaa na begi langu miguuni. Sikuihofia nafsi yangu. Nilikuwa nawaza mtoto anayebisha hodi kwenye banda la kuku, na simu yake iko mkononi mwa nani.

Siku kumi na moja sikujua. Kisha dereva mmoja wa lori anayevuka mpaka pale Kasumulu alisimama mlangoni kwangu, akabisha, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nainakili yote, maana ni barua yako pia:

"Hodi baba mdogo. Shikamoo. Simu yangu waliichukua. Mimi ni mzima, nipo Kinole kwa wajomba, kwenye shamba la ukoo wa mama. Huku anayeingia anajulikana. Sanduku la baba limeondoka. Nilirudi Mgeta mara moja kufunga nyumba nikakuta mlango nao umeondoka, wameung'oa na bawaba zake. Kabati wameliacha, vyombo wameviacha. Sijui nani ana shida na mlango mkuukuu. Usije."

Hajakisoma kitabu chako. Haelewi alichoandika. Mimi nilielewa, nikainuka nikafunga mlango wangu, mchana kweupe, jua linawaka.

Arobaini yako imepita bila mimi. Begi nimelifungua. Kazi ninayofanya sasa ni kunakili kitabu chako kwa mkono, herufi kubwa kwa sababu ya macho, na nimefika daftari la nne. Nitashona nakala saba. Mwisho sitautunga, nitaacha sentensi ikatike pale ulipoikata, na mistari myekundu nitaiandika kwa wino mwekundu. Nakala ya kwanza ni ya Skola, atakapoiomba mwenyewe kwa neno letu, si kabla. Na sitaisimulia kwa mtu yeyote, hata akicheka vizuri kiasi gani. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ungeweza kuidai miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Pumzika, bwana. Udongo wa kwenu ni mzito, hauingiliki bila jembe. Nilitaka nije nisimame juu yake nibishe, nisubiri kidogo, kama yule mama wa sura ya pili. Nimebishia hapa, mwanzo wa barua hii, na nimesubiri hadi chini ya ukurasa.

Sitarudi.