Safari ya Alfajiri ya Njia Namba Sita

S.L.P. 88,
Pelkola, Michigan.
9 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Sylvi,

Natumaini jua la Tucson linakutunza, na goti halikusumbui tena kama wakati wa Krismasi. Sisi huku tu wazima. Theluji imefika madirishani, na kaka yako bado hataki mtu mwingine aguse koleo lake la kuzolea theluji.

Nina habari, na nimetaka uipate kwa mkono wangu kabla Baba hajakupigia simu akaitia chumvi. Tangu Jumatatu mimi ndiye mkurugenzi wa mabasi ya wilaya nzima.

Haikuwa rahisi. Mkurugenzi wetu alipostaafu tulibaki wawili kwenye usaili: mimi, msimamizi wa madereva, na bwana mmoja kutoka Chicago mwenye shahada mbili. Ni mtu muungwana, sina la kumsema.

Mimi kilichokuwa kimenikaa rohoni ni njia namba sita, ile inayopanda hadi vijiji vya machimbo. Mwaka juzi nilipendekeza mwenyewe safari yake ya alfajiri ifutwe, kwa kuwa abiria walikuwa saba tu. Ikafutwa. Miezi miwili baadaye dereva wetu Wendell Maki aliingia ofisini kwangu bila hata kuvua kofia. Alisema wale saba ni wapishi na wafagizi wa hospitali, na wawili wameshaacha kazi. Nikambishia, nikamwonyesha takwimu.

Akanijibu taratibu, "Aili, hesabu zako ni sawa. Watu ndio umewakosea."

Kesho yake alfajiri nikaenda kule juu na gari langu. Nilimkuta mama mmoja anatembea kando ya barabara, baridi inakata, anakwenda kuwapikia wagonjwa uji. Alikuwa amebakiza maili nne. Nilimpakia, nikamfikisha hospitalini. Wiki hiyohiyo niliomba safari irudishwe, ikarudi.

Sasa kwenye usaili, mwenyekiti wa bodi, Bi Rosalind Thibault, akaniuliza kosa langu kubwa kazini. Nilikuwa na jibu dogo la kupendeza nililoliandaa, nikaliacha. Nikawaeleza hili lote. Mzee mmoja wa bodi akauliza kwa nini najichongea mwenyewe.

"Kwa sababu siku moja mtaniletea safari nyingine ya kufuta," nikamwambia, "na ni vizuri mjue mapema kwamba sitatia saini kabla sijalipanda basi lake mwenyewe."

Hakuna aliyetabasamu. Nilitoka nikidhani kazi nimeikosa, lakini kichwa kilikuwa juu. Wakapiga kura, nikapata nne kwa tatu. Nne zinanitosha.

Agizo langu la kwanza: kila meneja, mimi nikiwemo, atapanda basi siku mbili kila mwezi. Wapo walionuna. Watazoea. Wendell amekubali kuwa mkuu wa mafunzo, ila amenionya nisitegemee aniite bosi.

Nilipomweleza Baba, hakunipongeza. Alikwenda kuchochea moto wa sauna, bafu letu la mvuke, akakaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu akisingizia moshi. Kisha akasema, "Sasa mabasi yakichelewa, dukani watanilaumu mimi." Lakini nimesikia kwamba jana alikwenda dukani mara tatu, na hakununua kitu, ila kusimulia habari za mabasi.

Nisalimie mumeo Eino na binamu yangu Kaisa na wanawe. Mungu awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Aili