Shangazi Anawaambia Wateja Wangu Wamenenepa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya la kujutia. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na shangazi yangu aliyenilea anashinda pale dirishani akinichambulia nywele za kusukia, na kila mteja akiingia anamtazama juu mpaka chini, uso umemchanua, anamwambia, "Mwanangu, umenenepa," na kwake hakuna sifa inayoizidi hiyo, lakini wateja wangu wanajinyima chakula cha usiku ili wapungue, basi wananuna, na wengine wameshahamia kwa jirani, nami nimemwonya mpaka mdomo umechoka, mwisho nikapanga kumpeleka kwa kaka yangu.

Jumamosi akaingia mama mmoja, mteja wetu wa zamani aliyeugua muda mrefu, nywele ndiyo kwanza zinaota, na kabla sijamwahi shangazi, akamshika mkono, akaupapasa taratibu, akasema neno lake. Nikafumba macho kwa aibu. Yule mama akamwambia, "Rudia tena, shangazi." Akarudia. Mama akalia huku anacheka, saluni nzima ikamgeukia, hata aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia akatoa kichwa. Baadaye shangazi akanieleza kwamba enzi zao mtu akikonda walijua kwao kuna njaa au ugonjwa, akinenepa wanajua amevuka. Neno nililolionea haya muda wote huo, kumbe limebeba uhai wa watu. Lakini wateja ndio wanaoniweka mjini. Nifanyeje?

Msusi, njia panda

JIBU

Pole, msusi, ila una haraka. Aliyekulea unataka kumhamisha kama kiti kibovu? Barua yako nimeisoma mara mbili, chai ikapoa. Neno ni lilelile, wewe unasikia tusi, yeye anamwona mtoto aliyepona.

Sasa sikiliza. Mweleze bila kufoka kwamba siku hizi watu wanakonda kwa kupenda wenyewe. Hataamini, mwache ashangae. Wateja awaambie wamependeza, na lile lake aliweke kwa wanaolihitaji. Atawatambua kabla yako. Kwa kaka yako haendi. Leo jioni ukishafagia, simama mbele yake akutazame vizuri. Akikwambia umenenepa, usibishe. Mjibu, "Ni wewe uliyenilisha, shangazi."