Josho Nililolifunga Bila Kuliona

Mzee wangu Elia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miaka tisa nilianza siku kwa kukuamkia pale mlangoni pa ofisi ya mipango, na mkono wangu haujui kuanzia mahali pengine. Leo ni Jumapili mchana. Niko kwenye chumba changu cha kupanga, mwenye nyumba anaanika alizeti uani, na mimi nimechoka. Ni uchovu wa mwaka mzima, tangu tulipokuzika.

Nianze na neno lililonikaba. Siku ile nilipokuja kukuona wodini uliniuliza, "Rehema, josho la ng'ombe la kule kwetu umekwenda kuliona?" Nikakujibu, "Ndiyo, mzee, nimekwenda." Sikuwa nimekwenda. Nilikudanganya ukiwa umelala na mrija mkononi, na siku nne baadaye ukafariki. Nimetembea na uongo huo hadi leo, na ndiyo maana naandika.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imetunyima, alizeti haikutoka, na ushuru wa mazao tuliokuwa tunautegemea ukawa wa kuokoteza. Mkurugenzi akaagiza tupitie huduma zote za halmashauri, moja baada ya nyingine, tuseme ipi ibaki, ipi iunganishwe na nyingine, ipi ifungwe. Kila mwaka kazi hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa na utaratibu ambao wenzetu waliucheka: hukukubali huduma ikatwe kwa karatasi tu. Ukiambiwa zahanati fulani haina wagonjwa, ulikwenda ukakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, na kofia yako kichwani, kama mtu aliyeleta homa yake. Ukiambiwa kisima hakitumiki, ulifika kabla ya akina mama. "Rejista inakuonyesha aliyeandika," ulikuwa ukisema. "Aliyekuja kamwone mwenyewe." Kisha figo zikakulaza, na kazi ikaniangukia mimi, mtoto wa Singida Mjini, binti wa muuza vyombo sokoni. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba ng'ombe namjua akiwa kwenye mchuzi.

Nilikaa na mafaili wiki mbili. Rejista ya josho la kijijini kwenu ilikuja kwenye bahasha ya kaki, imeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Jina la mfugaji, tarehe, idadi ya ng'ombe. Na kwenye idadi, kila mstari, moja. Moja, moja, moja, ukurasa hadi ukurasa. Nikajiambia, kumbe watu wanaogesha ng'ombe mmoja mmoja, na sisi tunagharamia dawa, pampu ya maji na mwangalizi? Nikaliweka josho kwenye orodha ya kufungwa, nikashauri wafugaji watumie la kata ya jirani. Afisa mifugo angeweza kunisahihisha, lakini alikuwa anahudumia kata tatu na pikipiki yake haikuwa na mafuta, kwa sababu mafuta nayo tulikuwa tumeshayabana.

Gari la kwenda kwenu lilikuwepo Alhamisi moja kati ya wiki hizo mbili. Sikupanda. Nilikuwa na taarifa ya kumalizia, na barabara ile huniumiza mgongo. Ndiyo sababu yote, mzee. Nimetafuta nyingine iliyo nzito zaidi ili nijitetee nayo, sijaipata.

Baraza la madiwani lilipitisha orodha wiki moja baada ya mazishi yako. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, josho likapigwa kufuli. Hilo la kata ya jirani ni mwendo wa nusu siku kwenda tu, na nani atawaswaga ndama umbali huo juani kila wiki? Wachache walijaribu, wakaacha. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, safari hii zilikuja kweli, na kupe wakaja nazo.

Mimi sikujua lolote. Ofisini tulikuwa tunasifiwa. Mkurugenzi alirudi kutoka kikao cha mkoa akasema orodha yetu ilionekana nzuri, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikwenda kumsalimia mama, mkeo, na sukari yangu na mche wa sabuni. Nikamwamkia, akanivuta kwenye kigoda kile kile cha siku zote. Kisha akaleta chai, akasema kwa sauti ya kuona haya, "Utanisamehe, mwanangu, leo ni ya rangi." Miaka yote niliyoingia kwenu sijawahi kunywa chai isiyo na maziwa. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ndigana, ile homa ya kupe. Ndama walitangulia, wote watatu. Wakafuata majike wawili, mmoja yule mwekundu uliyekuwa ukijivunia, ukisema ukoo wake unaanzia kwa ng'ombe ambao babu yako alinunua kwa dhahabu aliyochimba Sekenke. Hakunilaumu. Alisema tu, "Halmashauri walifunga josho," kana kwamba halmashauri ni watu wengine na mimi ni mgeni wake tu. Chai ile niliimaliza kwa shida.

Nilipotoka hapo nikaenda moja kwa moja kumtafuta mzee Shila, aliyekuwa mwangalizi. Nilimkuta kwenye josho lenyewe, anafyeka majani, wakati posho yake tulishaikata tangu Julai. Nikamwamkia, nikamwuliza ilikuwaje watu walete ng'ombe mmoja mmoja. Alinitazama mpaka nikaona aibu kabla sijajua kosa langu. "Nani kakwambia mmoja? Hiyo moja ni zizi, binti. Ng'ombe za mtu hazihesabiwi mbele za watu, ni kuziitia balaa. Mtu akija na zizi lake naandika moja, basi. Marehemu alijua."

Ulijua. Bila shaka ulijua, ungeniambia kama ningekuuliza, na ningeona kwa macho yangu kama ningepanda gari lile la Alhamisi. Nilikaa kwenye ukingo wa josho, ndani maji ya mvua yameota ukijani, nikakumbuka kurasa zile zote za moja, moja, moja. Nilikuwa nimefunga josho la kijiji kizima kwa kusoma mazizi nikadhani ni ng'ombe.

Niliporudi nilimweleza mkurugenzi kabla sijaweka mkoba chini. Akasema josho haliwezi kurudi bila fedha, nimletee matumizi mengine ya kubana badala yake. Hapo nikakukumbuka tena. Wiki ile ile magari manne ya idara nne, elimu, afya, kilimo na maendeleo ya jamii, yalikuwa yamekwenda kata moja kwa ukaguzi, kila moja na dereva wake na posho zake. Wewe ulilipigia kelele jambo hilo miaka nenda miaka rudi wakakuitikia "tumelipokea, mzee." Nikaandika: gari moja, siku moja, idara zote. Basi, wenzangu wameninunia. Mmoja aliniambia pale kwenye chai ya saa nne, "Ulianza kufunga josho la watu, sasa unafunga na midomo yetu." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda kunywea chai mezani kwangu. Ndipo ninapoinywea hadi leo.

Kwenye kamati ya fedha, diwani wa kwenu aliuliza ni nani aliyeisoma ile rejista. Nikasimama. Nikasema ni mimi, mzee, nilisoma nikiwa nimekaa kitini, sikufika. Walinipa barua ya onyo, ipo kwenye faili langu. Gari moja wamelipitisha, kwa shingo upande. Na josho wamekubali lifunguliwe. Ndama wa mama hawatarudi, wala wa majirani zake. Wapo waliouza waliobaki kwa bei ya kutupa ili wasiwaone wakifa. Hilo hakuna kamati itakayolirekebisha.

Likabaki lile la wodini. Jana nilirudi kwa mama. Nilimkuta anapepeta mtama, nikakaa chini mbele yake na kumweleza lote: kwamba saini ya kufunga josho ni yangu, kwamba sikwenda kuliona, na kwamba uliponiuliza nilikudanganya kwa macho makavu. Nilimwambia kama ataona vema nisikanyage tena pale kwake, nitaelewa. Hakuacha kupepeta. Alimaliza ungo ule, akaumimina, akachota mwingine.

"Alijua," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akaendelea, taratibu, macho kwenye mtama. "Ulipotoka tu wodini aliniambia, huyu hakwenda. Mtu akitoka josho ananuka dawa siku mbili, na huyu ananuka manukato. Nikamwuliza mbona hukumkemea? Akasema, mwache, atakwenda."

Mzee, nililia pale mbele ya ungo wa watu kama mtoto aliyefiwa upya. Kumbe sikukudanganya hata kidogo. Uliuona uongo wangu, ukaupokea, ukanijibu "vizuri, mwanangu," ukiwa na siku nne tu za kuishi, na bado ukasema nitakwenda. Umenisubiri mwaka mzima. Ng'ombe wako wamekufa nikiwa njiani.

Jumanne josho linafunguliwa. Nitapanda pikipiki ya afisa mifugo, alfajiri, nisimame na mzee Shila tangu zizi la kwanza liingie majini hadi la mwisho litoke, na sitahesabu kwa sauti. Nakuahidi, mzee wangu, maadamu niko kwenye kiti chako, hakuna mlango wa huduma utakaofungwa kwa saini yangu kabla sijakaa kwenye benchi lake. Wakinihamisha kwa hilo, na wanihamishe.

Lala, mzee wangu. Umeshafanya ya kwako. Jumanne nikitoka pale nitapita kaburini kwako, na sitabadili nguo kwanza.

Mwanao wa ofisini,
Rehema