Kosa Dogo Alilokiri Mumeo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hamjambo huko, wewe na mpwa wangu? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama wodini usiku kucha umepata nafuu? Usijifanye chuma, Dada. Omba zamu ya mchana, wagonjwa watauguzwa na wengine pia. Sisi hapa wazima wa mwili. Presha ya Mama imetulia, macho ndiyo yanampa shida, lakini miwani hataki hata kuisikia. Anasema itamzeesha, mama mwenye wajukuu tisa.

Baba mdogo hatimaye amemaliza kuezeka nyumba yake. Bati moja limekaa upande na hataki mtu aliseme.

Sasa nije kwenye simu yako ya juzi. Hukunipa hata nafasi ya kumeza mate. Ulisema mimi ni mtu wa kununa, kwamba nimeacha kazi ofisini kwa mumeo kwa sababu alinifokea mara moja tu, na kwamba mwenzangu amekuwa muungwana hadi akakueleza kosa lake mwenyewe. Ulisema sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Dada, Shemeji hakunifokea. Hajawahi kunifokea hata siku moja. Nakuandikia kwa sababu nataka uniamini mimi, mdogo wako, na najua kwamba hivi sasa unamwamini yeye.

Kazi yetu unaijua juu juu. Tunawatangazia watu biashara zao mitandaoni: mwenye saluni, mwenye duka la matairi, daktari wa meno. Mteja haoni tunavyohangaika. Anachokiona ni ripoti ya mwisho wa mwezi, kurasa chache zenye michoro, za kuonyesha watu wangapi wameliona tangazo lake, wangapi wamelibonyeza, wangapi wamepiga simu. Ripoti ndiyo sura yetu kwake. Na ripoti hizo nilikuwa naziandika mimi.

Nilipoingia pale zilikuwa sifa tupu. Kila mwezi tumepaa, kila mteja amevishwa kilemba cha ukoka, na wateja wenyewe wanazisoma huku wameshaanza kutafuta ofisi nyingine. Mimi nikaanza kuweka ukurasa wa kwanza lile lililotuharibikia mwezi huo na tulivyolirekebisha. Shemeji aliguna. Halafu daktari wa meno akapiga simu kushukuru, na mwenye matairi, mtu mbishi kuliko wote, akaongeza mkataba. Watu walitulia, wakatuamini. Wewe mwenyewe ulinipongeza, unakumbuka, nami nikatembea wiki nzima nimevimba kichwa.

Mumeo si mjinga. Aliona jambo linafanya kazi, akalitungia sheria: kila ripoti iwe na kosa dogo moja. Alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na kikombe cha kahawa, anainama, "Shem, hii umeiwekea kidoa?" Mwezi ukienda vizuri, anakaa anatunga mwenyewe. Mara eti tulichelewa kujibu ujumbe asubuhi moja. Mara eti picha moja ilitoka na ukungu. Mimi nikadhani ni utani wa ofisi, kumbe mwenzangu anasoma darasa.

Tuna mteja mmoja, mama wa makamo, fundi wa mapazia. Ofisini tunamwita Mama Mapazia na jina amelipenda. Alikuwa na mafundi wanne na cherehani zinalia tangu asubuhi. Siku moja nikaona jambo lisiloniingia akilini. Ripoti inaonyesha watu wanabonyeza kumpigia kwa wingi, naye kila nikimuuliza anasema simu yake kimya. Nikachukua simu yangu, nikalibonyeza tangazo lake. Akapokea mwanamume. Lilikuwa duka kubwa la mapazia la upande wa pili wa mji, nalo pia ni mteja wetu. Kijana wetu wa matangazo alinakili tangazo la duka lile, akabadilisha picha, akabadilisha jina, namba ya simu akaisahau. Msimu mzima watu waliomtaka Mama Mapazia walikuwa wanawapigia washindani wake, kwa tangazo analolilipia yeye.

Nililiandika hivyo hivyo lilivyo, ukurasa wa kwanza. Shemeji akasoma, akaniambia kwa upole kabisa, "Hili ni kubwa mno kwa kidoa." Akalifuta. Namba ikarekebishwa kimyakimya. Mahali pake akaandika kwamba kwa siku mbili tulionyesha picha ya pazia la kijani badala ya la bluu, na kwamba tunaomba radhi kutoka moyoni.

Mama Mapazia akaja ofisini kushukuru. Alikuja na mapazia, Dada! Ameyashona kwa mkono wake, kwa madirisha yetu, kwa sababu hajawahi kukutana na watu wakweli kama sisi. Akapanda juu ya kiti, kiganja kimejaa kulabu, anayatundika huku ananisimulia kwamba ameshawaaga mafundi wake wawili kwa kukosa kazi. Anadhani mitindo yake imepitwa na wakati. Anadhani mkono wake umechoka. "Nyie angalau mnaniambia hata la kijani na bluu," akasema. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kiti. Nikashindwa kuvumilia, nikamwaga yote palepale, namba ya simu, duka lile, na tangu lini.

Alishuka akaenda moja kwa moja chumba anachofanyia kazi Shemeji, akauacha mlango wazi. Nikajua leo moto utawaka. Mumeo hakukana, wala hakukubali. Alishusha pumzi tu. "Mama, acha nikukirie kitu. Asubuhi nilimfokea huyu binti mbele ya wenzake. Ni shemeji yangu, nilivuka mpaka. Ana haki ya kunikasirikia." Basi! Habari ya namba ikafa hapo. Ningemwonyesha kwa macho yake, lakini tangazo lilikuwa limeshasafishwa. Mama Mapazia akatoka, akanishika bega. "Mwanangu, hasira ni hasira, lakini usimchafue mtu mkweli." Kisha akapanda tena kitini kumalizia dirisha la pili.

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilipofika nyumbani, wewe ulikuwa umeshapigiwa simu, na kosa lile lile la kunifokea limeshakufikia huko uliko.

Nina uchungu, Dada, sitakuficha. Shemeji ananiuma, lakini wewe unaniuma zaidi. Mama Mapazia hanijui. Wewe umenibeba mgongoni, umenifundisha kufunga kamba za viatu, na bado ilitosha mwanamume aseme "nimekosea kidogo" na wewe ukanifunga mdomo.

Mama sijamwambia kitu. Anajua niko likizo, ananipakulia chakula kama mtu aliyetoka hospitali.

Barua utakayoiamini naijua. Ningeanza kwa kukuomba radhi. Ningesema kweli nina mdomo, kweli siku ile niliamka vibaya, nikachelewa kazini na nikamjibu mumeo kwa mkato. Ungefika hapo moyo wako ungelainika, na yote yanayofuata ungeyameza. Kazi hiyo hakuna anayeijua kuliko mimi. Nimekataa kuifanya kwako. Sikuamka vibaya, sikuchelewa, sikumjibu mtu kwa mkato. Sina kosa dogo la kukupa.

Ulisema ndoa yenu imesimama, mbali kote huko, kwa sababu mumeo hakufichi kitu. Kila akipiga simu anakueleza hata alivyosahau kulipa bili ya maji, hata alivyounguza lile shati ulilomtumia. Kuna jambo nilitaka kukuuliza, ukakata simu. Ni lini mara ya mwisho alikukiria kitu kilichokuuma?

Mama anakusalimu, na anamwambia mjukuu wake ale ashibe. Baba mdogo na mkewe wanakusalimu, shangazi pia, bado na kikohozi chake cha makusudi. Mungu akuzungushie ulinzi wake huko uliko, akurudishe kwetu salama, na akupe usingizi wa kutosha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Kitindamimba wa Mama.